Aliyenitangulia Msitu wa Ngezi

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, ndio nikuambie. Mimi nafundisha baiolojia hapa Eldoret, kanisa sikosi, na hadithi za mizimu nilikuwa nawaachia wanafunzi wa bweni. Lakini hii ilinipata mimi mwenyewe, asubuhi, jua limeshatoka, na chai nimekunywa.

Mimi ni mtu wa ndege. Kila Jumamosi tunazunguka mtaa wa Elgon View, watu sita na darubini shingoni, mpaka askari wa mageti wanatushuku ati tunapeleleza nyumba za watu. Na kati ya hao sita, mkali ni mimi. Kohoa ndege aruke, utanitambua.

Aliyenifundisha ndege ni kaka yangu Njoroge, tukiwa watoto Burnt Forest. Mwaka ule wa ghasia, nyumba zetu zikichomwa, alikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumeshatoroka, tumefika kambini, Mama akamtuma arudi afungue ng'ombe wasichomeke zizini. Hakurudi. Mwili haukupatikana, na hakuna mtu aliyesema alimwona. Miaka yote hiyo Mama alikataa kumwombea kama marehemu. Mwaka juzi ndio akakubali, hata sisi tukashangaa. Tukapanga Desemba tumwite mchungaji, tuweke msalaba, Mama naye apumzike.

Likizo ya Agosti, kabla ya hiyo Desemba, nikaenda Pemba. Ukiwa mtu wa ndege, Pemba utaenda tu, hata kama ni uzeeni. Kuna njiwa wa kijani ambaye haishi mahali pengine popote duniani, na pa kumtafuta ni msitu wa Ngezi. Nilikuwa nimepanga kwa simu na mwongozaji tukutane langoni saa kumi na mbili na nusu. Kufika, nikapata kijana amesimama ndani kidogo, amenipa mgongo. Akapunga mkono kwamba nije, akaanza kutembea. Nikamfuata. Sikumsalimia, kwa sababu asubuhi msituni watu hawaongei. Hiyo ndiyo sheria, na mimi ndiye huwa naikazia wengine.

Tulitembea karibu saa nzima, mimi nikiona mgongo tu. Sasa nisikilize vizuri. Kisogoni alikuwa na kovu la kuungua. Njoroge alimwagikiwa na maziwa moto akiwa mdogo, pale pale. Nikajiambia, wacha ujinga, makovu ni mengi. Halafu akapeleka mkono nyuma, akashika kiwiko cha ule mwingine, vile Njoroge alikuwa anatembea tukipeleka maziwa barabarani. Na alikuwa bado kijana, unanielewa? Mimi nina mvi, yeye shingo ni ya mtoto wa miaka kumi na tisa.

Nilitaka kuita. Unajua kitu gani kilinizuia? Nilifikiria, nikiita, njiwa ataruka. Haki ya Mungu, hicho ndicho kilinijia kichwani. Nikasema acha kwanza anionyeshe ndege, halafu nitamwita.

Akasimama, akaonyesha juu. Njiwa alikuwa pale, anadonoa tunda. Nikainua darubini. Hapo ndipo nikasikia sauti kando ya sikio langu, kwa Kikuyu, ikinitaja kwa jina la utoto ambalo hakuna mtu aliyebaki wa kuniita isipokuwa Mama. "Umemwona?"

Na mimi nikamwinulia kiganja, anyamaze.

Niliposhusha darubini hapakuwa na mtu. Niliita mpaka sauti ikapotea. Aliyekuja mbio ni mwongozaji mwenyewe, baba mzima, anahema. "Samahani sana dada, baiskeli imenipasukia njiani. Umeingia na nani huku?" Nikakaa chini nikalia, naye maskini akadhani ninalia kwa sababu amechelewa.

Nilirudi pale asubuhi tatu mfululizo, darubini nimeiacha chumbani. Njiwa walikuja wengi tu.

Kosa la pili nililifanya nyumbani: nilimwambia Mama. Alikuwa anamenya viazi. Hakushtuka hata kidogo. Akauliza, "Amekonda?" Nikasema hapana. "Na wewe ulimjibu aje?" Nikachukua kisu, nikaanza kumenya naye. Desemba ikafika, akakataa ibada. "Nizike mtu ambaye ameongea na dada yake?" Msalaba uko stoo mpaka leo. Ningefanyaje? Nilijaribu hata kumwambia nilimdanganya, kwamba ilikuwa ndoto ya safari. Akaendelea na kazi zake. Ni yeye aliyemtuma arudi kule, na sasa mimi ndiye nimemnyima Mama kupumzika.

Wewe unayepanga kwenda huko na darubini yako mpya, nenda, ndege wapo. Lakini mtu akikutangulia njiani, mzunguke, msalimie, uone uso wake kwanza. Ndege akiruka, aruke. Usijifanye mjuzi kama mimi.

Wiki jana Mama alianza kufuma sweta. Anasema kisiwa ni maji pande zote, baridi ya usiku haiwezi kukosa. Akaniuliza kipimo cha mabega, na nikampa kile cha miaka kumi na tisa.