Ubeti wa Tatu wa Mama Sufuria

Naanza na hili ili tusisumbuane mbele ya safari. Yule mzee anayesikika kwenye rekodi ya laivu ya Chiriku, pale dakika ya sita, anayeimba kwa sauti ya kukwaruza mpaka ukumbi mzima unamzomea, hakuwa mlevi. Ni mjomba wangu. Pombe hajawahi kuionja, na hata soda inamletea kiungulia. Kwa hiyo ninyi mnaoandika kwenye kundi la mashabiki kwamba "yule mlevi katuharibia laivu bora ya mwaka," mshindwe na mlegee.

Mjomba ni fundi viatu. Ana miaka sabini na miwili, na arobaini na minane kati ya hiyo ameimaliza akiwa ameinamia viatu vya watu wengine. Kibanda chetu kina ukuta mmoja wa matofali na mitatu ya mabati. Yeye anakaa mlangoni penye mwanga, mimi niko nyuma yake na cherehani, nabadilisha zipu za mabegi. Misumari midogo anaiweka kati ya midomo, kumi kumi, anachomoa mmoja mmoja kila anapogongea soli. Ndiyo maana watu wanamwona mpole. Upole gani, jamani? Mdomo umejaa chuma! Katika ukoo huu mwenye mdomo mtupu ni mimi, na ninautumia.

Dada yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na watu wote walimwita Mama Sufuria. Jikoni kwao hakukuwa na kiti hata kimoja, eti kwa sababu msimamizi alisema kiti kinaleta uvivu. Yeye msimamizi alikuwa na kiti cha kuzunguka ofisini, msiniulize. Miaka ishirini na mitatu mama alipika amesimama, akapakua amesimama, akala ukoko wake amesimama. Akitoka kazini alipitia kibandani, akakalia sanduku la zana la mjomba, akavua viatu na kuinyoosha ile miguu yake iliyovimba. Halafu anaimba, taratibu tu, mjomba akigonga:

Nimepika nimesimama,
jamani nipeni kigoda.

Wimbo huo aliutunga hapo, juu ya sanduku hilo, mimi nikiwa nimekaa pale pale nilipokaa leo. Sikuhadithiwa. Ubeti wa kwanza, wa pili, na wa tatu ambao aliumaliza alipokuwa ameshaanza kuumwa.

Sasa Chiriku. Kabla hajaitwa Chiriku alikuwa msichana mwembamba aliyekuja na kandambili ya ngozi iliyokatika mkanda. Akamkuta mama anaimba. Mkanda ukashonwa, ukaisha, msichana haondoki. "Mama, nifundishe," akasema. Mama akafurahi mno, maana nani aliwahi kumwomba Mama Sufuria kitu zaidi ya kuongezewa mchuzi? Akamwambia, "Kila siku ubeti mmoja, ili uingie vizuri." Siku ya kwanza alikuja, akaupata wa kwanza. Siku ya pili akaupata wa pili. Siku ya tatu mama aliosha vikombe, akachemsha chai, akangoja mpaka tunafunga. Msichana hakutokea. Alikuwa ameitwa na bendi, kashapanda basi huyo. Mama alisema tu, "Yule mtoto hajamaliza," akanywa chai yake. Miaka miwili baadaye tukamzika.

Huo ndio wimbo unaomlisha Chiriku umaarufu kwa miaka kumi na sita. Na kila anapouimba jukwaani anatanguliza maneno yale yale: "Huu ni wa asili. Hauna mwenyewe. Ni wetu sote."

Ebo! Wenu na nani?

Kinachonitoa nyongo zaidi ni kwamba nyimbo za wengine anazoziimba upya, wenyewe anawataja. Anamtaja marehemu fulani, anaeleza alikuwa fundi saa, alipenda kofia, mpaka aliacha watoto wangapi. Wetu ndio hauna mwenyewe. Mpishi wa shule si mtu wa kutajwa.

Na mashabiki wake sasa! Benchi letu la wateja ndilo bunge lao. Kuna kinyozi wa mlango wa pili, kuna mwalimu wa hesabu, na kuna kiongozi wao, msoma mita za maji, ambaye tunamwita Bwana Laivu kwa sababu ana rekodi ya kila onyesho la Chiriku na tarehe zake zote kichwani. Tarehe ya kuzaliwa mkewe ndiyo haijui.

"Mwimbaji anayeimba nyimbo za watu ni mvivu," kinyozi huwa anaanza.

"Anaziimba kuliko wenyewe!" Bwana Laivu anaruka. "Halafu sikiliza laivu, achana na za studio. Studio hakuna mguno."

Basi hapo kwenye mguno ndipo wanapogombana mpaka kushikana mashati. Ukifika ubeti wa tatu wa wimbo wa kigoda, Chiriku haimbi maneno. Anafumba macho na mdomo, anaguna, mm-mm-mm, sauti inapanda na kushuka. Mashabiki wanakufa hapo. Mguno wa mwaka ule ulikuwa mrefu, mguno wa uwanjani ulikuwa na huzuni, mguno wa juzi una kiitikio cha filimbi. Mwalimu anasema ni hekima ya msanii anayejua kunyamaza. Bwana Laivu aliwahi kusema, na machozi yakamlenga, kwamba maneno yangeuharibu.

Nami niko pale na zipu mkononi, namtazama mjomba, mjomba ananitazama. Anaguna kwa sababu hayajui! Hakuja siku ya tatu! Nilisema mara mia. "Aaa, dada naye," wananijibu, "kila mtu maarufu ana ndugu wa kusingiziwa." Mjomba alinikataza kuendelea. Alisema Chiriku mwenyewe anajua, ataona haya siku moja, atalitaja jina. Alimwamini, hebu fikiria. Kila rekodi mpya ikija alikuwa anaacha kugonga ili asikie utangulizi, kisha anaendelea kugonga.

Ndipo Chiriku akatangaza onyesho hapa kwetu, katika ukumbi ulio mitaa mitatu tu kutoka kibandani. Jumamosi, alasiri. Mjomba akapiga viatu vyake rangi, akavaa koti lake la harusi. "Hapa atasema," akaniambia njiani. "Hapa ndipo alipojifunzia, hawezi kupita mbele ya sanduku akasema wimbo hauna mwenyewe."

Tulikaa safu ya nne. Bwana Laivu alikuwa nyuma yetu, kinasa sauti kwenye paja. Wimbo wa kigoda ulipofika, Chiriku akaja mbele kabisa, akatabasamu, akasema: "Huu ni wa asili. Hauna mwenyewe. Ni wetu sote."

Nilimsikia mjomba akivuta pumzi. Hakusema kitu ubeti wa kwanza, wala wa pili. Chiriku akafumba macho, akaanza kuguna, na mjomba wangu akasimama na koti lake, akafungua kinywa ambacho siku hiyo hakikuwa na msumari hata mmoja:

Mkileta hicho kigoda,
mtanikuta nimelala.

Sauti yake ni mbaya, sitatia chumvi. Lakini ilikuwa juu. "Keti, mzee!" "Mtoeni huyo!" Wakamzomea. Bwana Laivu, ambaye soli zake zote mjomba ndiye anayezibandika, alimvuta koti mpaka mshono wa bega ukaachia. Walinzi wakaja, wakambeba huku na huku kama gunia. Mistari hiyo miwili ndiyo tu aliyoimaliza. Mzee wa miaka sabini na miwili, jamani, mguu mmoja unaburuta, kiatu kimemtoka, na watu wanapiga makofi kwamba ametolewa. Nilitukana siku ile. Nilitukana mpaka maneno yakaniishia, nikaanza upya.

Rekodi ikatoka. Ndiyo hiyo mnayoijadili. Nikaingia kwenye kundi lao nikaandika kila kitu, mama, sanduku, siku tatu. Wakanijibu: leta orijino. Orijino! Mama Sufuria angerekodi wapi, kwenye kijiko? Mmoja akaniita mtafuta kiki, mwingine akaikata sauti ya mjomba akaifanya mlio wa simu. Kisha Bwana Laivu, ambaye ndiye anayesimamia kundi, akanitoa.

Aliyestuka alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuja Jumanne na simu yake, akaketi benchini, akarudia kile kipande mara tano. "Fundi," akasema, "mlevi gani huyu anayepatia mizani? Nimehesabu. Maneno yako yanaingia kwenye mguno silabi kwa silabi." Mjomba akaitikia kwa kichwa tu. Mwalimu akazima simu. "Basi tumekuwa tukishindania pengo," akasema, na akayaandika hayo kwenye kundi. Naye akatolewa.

Lakini kuna mtu mmoja aliyasoma. Wiki hiyo hiyo, asubuhi, ndiyo kwanza tunafungua, mwanamke mwenye miwani ya jua akaingia akakaa juu ya sanduku la zana bila kukaribishwa. Alipovua miwani nikamjua. Amezeeka kidogo, na hapo tu nikajua kwamba sisi pia.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

"Marahaba."

"Niliposikia ile mistari kwenye rekodi nilikaa chini. Kwa miaka yote hii nilijaribu kujitungia ubeti wangu, haukai. Naomba nimalizie. Mistari iliyobaki tu."

Mjomba akatema misumari kwenye kiganja. "Litaje jina lake."

"Nitasema nilifundishwa na mama mmoja mpishi."

"Mama mmoja mpishi ana jina. Majina yake mawili, na lile la utani. Useme jukwaani, usiseme hapa kwangu."

Akainamisha kichwa. Nilidhani anaigiza, lakini machozi yalikuwa ya kweli, yalidondokea kwenye vumbi la ngozi. "Mjomba, nikilitaja leo, wataniuliza miaka kumi na sita nilikuwa wapi."

"Hilo ndilo na mimi nakuuliza."

Akanigeukia mimi. "Dada, wewe unayajua? Mjomba ni mtu mzima. Yakipotea je?"

Hapo alinipata, sitadanganya. Maneno hayo yako kwenye vichwa viwili tu duniani, kimoja kina mvi tupu, na kingine ndicho hiki changu chenye hasira. Yalinijaa mdomoni. Nilitamani wimbo wa mama yangu uimbwe mzima hata mara moja, na mtu mwenye sauti, watu wajue aliishia wapi. Nilimtazama mjomba. Hakunikonyeza wala hakunikataza; aliniachia mwenyewe.

"Ninayajua yote," nikamwambia. "Litaje jina, nitakuja nikuimbie mbele ya watu wako nikiwa nimepiga magoti. Usipolitaja, ng'o!"

Akavaa miwani, akaaga vizuri, akaondoka. Mjomba hakufanya kazi mpaka saa sita.

Jumamosi Chiriku aliimba mji mwingine. Jumatatu Bwana Laivu alikuwa wa kwanza mlangoni, bila haya, soli yake imefunguka, rekodi mpya mkononi. Akaiweka juu ya meza kati ya gundi na nyundo. Tukasikiliza. Safari hii Chiriku hakusema wimbo ni wa asili. Hakusema hauna mwenyewe. Hakusema kitu chochote. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akanyamaza muda mrefu mpaka watu wakaanza kupiga miluzi. Kisha akaguna, na katikati sauti ikamkatika, akashindwa, akaanza tena, ikakatika tena.

"Mnasikia hapo?" Bwana Laivu akanong'ona, mkono kifuani. "Mnasikia anavyoikata? Miaka kumi na sita, hajawahi kuguna vizuri hivi."