Kiti Kipana cha Kwenda Mwezini

Chombo chenyewe nilikiokota kwenye lundo la midoli ya mitumba: chombo cha angani cha plastiki, cha kuunganisha, mabawa mawili na mkia mrefu, boksi lake lilishapotea. Mimi ni fundi simu hapa Igoma, na kitu kilichokamilika hunichosha haraka. Nikakata mabawa kwa msumeno wa chuma, nikaanza kukiumba upya kwa pati, ile ile wanayozibia mabonde kwenye bodi za magari. Jirani yangu anayenyoosha magari alinimegea kwenye kopo la majarini, akaongeza na dharau bila kuombwa.

Wakati huo bibi yangu, mzaa baba, alikuwa amekuja kwangu kutoka Misungwi atolewe mtoto wa jicho. Kila tukifika kwenye geti la hospitali, anageuka. Mimi niliogopa kuliko yeye. Alikuwa ameanza kumimina chai pembeni ya kikombe, na daktari alishatuonya tusizidi kuchelewa.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi ni mume wake, na katika ndoa hiyo sijawahi kuhurumiwa.

"Mume wangu, unakwangua nini hicho?"

"Gari la kwenda mwezini, bibi."

Akalipapasa lote. "Halina keria. Michembe yangu ya viazi itakaa wapi? Weka keria, nami nitakwenda huko hospitali kwenu."

Nikaweka keria ya vijiti vya meno. Akataka kiti. Nikachonga tundu, nikalizungushia pati, nikapiga msasa. Akasema kiti ni chembamba, yeye si mtoto. Nikakipanua. Akataka madigadi, maana mwezini nako hakukosi matope. Kila nikimaliza kipande alinisifu kuwa fundi wa mafundi, nami nikavimba kichwa, mpaka nikashtuka kwamba siku ya kliniki imepita tena. Bibi kizee alikuwa ananichezesha. Kwa hasira nikazidisha dawa ya kugandishia, pati ikakauka na kidole changu kikiwa ndani.

Nilipokuwa nakikwanyua kidole ndipo nikapata akili. Nilikoroga pati nyingine kidogo, nikafinyanga mwanamke, nikamkalisha kwenye kile kiti kipana.

Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, bibi akaanza ukaguzi wake. Vidole vilipita kwenye keria, vikapita kwenye madigadi, vikafika kwenye kiti na kusimama.

"Nani huyu?"

"Mke mwenzako. Umechelewa, bibi. Nafasi imepata mtu."

"Mzuri?"

"Mzuri mno. Bahati mbaya huwezi kumwona."

Alikunywa uji wake wote. Kisha akauliza kliniki ya macho inaanza saa ngapi.

Walianza na jicho moja. Siku ya kufunguliwa bandeji hakuwaulizia wanawe wala kuku wake. Aliulizia gari. Nilikuwa nimekuja nalo kwenye mfuko, nikamkabidhi, naye akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kazi iliyompa sifa fundi simu wa Igoma ilionekana wazi sasa: pati ina makunyanzi, keria imelala upande, na yule mrembo hana pua kwa sababu msasa uliila.

"Kumbe ni baya hivi," akasema. "Nilidhani ni vidole vyangu vinakosea."

Halafu akaniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu, kuanzia paji la uso hadi kidevu, na mimi nikaona aibu kulia mbele ya muuguzi lakini machozi yalishatoka.

"Una mvi," akasema. "Hukuniambia."

"Hukuuliza, bibi."

Akanirudishia gari, kidole chake kikiwa juu ya yule mwanamke wa pati.

"Huyu mshushe. Mwenye kiti amefika."