Maua thelathini na nane ya Nyuki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndani ya banda la nailoni la kituo cha utafiti wa mimea, mwanamke amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mche wa maharage uko katikati ya magoti yake. Mkono wa kushoto umeshika tumba, yaani ua ambalo bado halijafunguka, dogo kuliko ukucha wa kidole chake cha mwisho. Mkono wa kulia umeshika kibano. Amebana pumzi.

Anaifungua petali ya juu kwa ncha ya kibano. Ndani mna vijiti vya kiume kumi, vyembamba kama nywele, na kila kimoja kimebeba kifuko cha chavua. Anavichomoa vyote. Anachukua ua la mche mwingine, analigusisha humo ndani taratibu, kisha anairudisha petali mahali pake kama mama anayemfunika mtoto shuka. Anafunga uzi mwekundu. Anaandika kwenye daftari. Ndipo anapopumua.

"Moja," anasema.

Ametumia sekunde arobaini na moja. Ikifika saa nne atakuwa amefanya sitini, na katika kila ua maharage mawili yasiyojuana yatakuwa yameoana.

Hapa kituoni kila mtu anamwita Nyuki. Jina hilo alipewa na mwagiliaji maji, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka tisa.

"Nyuki gani huyu asiye na asali?" mwagiliaji anamtania akipita na mpira wake.

"Asali yangu iko kwenye sufuria za watu," Nyuki anajibu bila kuinua macho. "Na ukinidondoshea tone hapa, leo utajua mwiba wangu uko wapi."

Nyuki ana umri wa miaka thelathini na tisa na watoto wawili. Shule aliiacha darasa la tano. Alikuja kituoni miaka kumi na moja iliyopita kupalilia, na siku moja alisimama nyuma ya fundi wa zamani akamtazama anavyofungua maua. Fundi alipostaafu, kibano kikabaki mkononi mwa Nyuki.

Tangu siku alipokuja kupalilia ameajiriwa kwa mikataba ya miezi sita sita. Ameshasaini ishirini na miwili. Karibu nusu ya mshahara hulipa kodi ya vyumba viwili, na sehemu kubwa ya nusu inayobaki ni ada. Kazi ya kudumu hawezi kupewa kwa sababu hana cheti chochote.

Wiki hii anasubiri barua.

Kila mwaka chama cha watafiti wa mimea hutoa tuzo na ufadhili kwa madaktari na maprofesa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kimetenga nafasi sita kwa wasaidizi wao: mwaka mzima wa mafunzo chuoni, posho ya kila mwezi, na mwishoni cheti. Walioomba ni zaidi ya mia mbili na arobaini. Hakuna aliyeulizwa alisoma mpaka darasa la ngapi. Waliulizwa maswali kumi kuhusu kazi yao.

"Nikipata, nimepata. Nikikosa, mkataba wa ishirini na tatu unanisubiri," anasema Nyuki, kisha anacheka kidogo. "Hayo ni maneno ya mdomoni. Moyoni siko hivyo."

Wasiwasi wake uko kwenye swali la tisa. Liliuliza hivi: eleza kosa kubwa zaidi ulilowahi kufanya kazini. Nyuki alilijibu kwa ukweli, na ukweli huo hakuwa amemwambia mtu yeyote kwa miaka minne.

Kituoni kuna maharage mawili ambayo wafanyakazi wameyapa majina. La kwanza ni Mkaidi, jeusi, dogo, gumu kuiva, lakini hata udongo ukilowa wiki nzima mizizi yake haiozi. La pili ni Bibi Harusi, jekundu na laini, linalopendwa sokoni, lakini mvua ikizidi tu linakufa shamba zima. Daktari, mtafiti ambaye Nyuki ni msaidizi wake, alitaka kuyaoanisha ili apatikane mtoto mwenye mizizi ya baba na utamu wa mama.

Tatizo ni kwamba Mkaidi huchelewa kuchanua. Yakipandwa pamoja, siku ambazo yote mawili yana maua hazifiki nane.

Mwaka ule, miaka minne iliyopita, Nyuki alishafanya maua kumi na mawili ya mwanzo, yakadondoka kwa joto. Yakabaki matumba thelathini na nane, na siku moja. Siku hiyo ilifuata usiku wa harusi ya mdogo wake.

"Nilicheza mpaka viatu vikaomba radhi," anasimulia. "Nikasema nitajilaza kidogo. Niliingia hapa bandani saa tano, jua limeshawaka."

Alifungua tumba la kwanza na kukuta unga wa manjano umeshatapakaa ndani. Vifuko vilikuwa vimepasuka. Maharage hayasubiri upepo wala mdudu. Ua ambalo halikuwahiwa hujipa chavua lenyewe. Akafungua la pili. Akafungua yote.

"Yalikuwa yameshajioa yenyewe. Bibi Harusi kaolewa na Bibi Harusi."

Angeweza kufunga nyuzi na kunyamaza. Mbegu zingetoka, lakini Mkaidi asingekuwemo ndani yake. Hilo lilimshinda. Basi akayachuma yote thelathini na nane, akayafukia nyuma ya banda, na kwenye daftari akaandika neno moja: Yamedondoka.

Daktari akasoma daftari. Maua hamsini, mbegu sifuri. Akahitimisha kwamba Mkaidi na Bibi Harusi hawaoani, akaliweka hilo kwenye jedwali la utafiti wake, na akaendelea na maharage mengine. Miaka miwili baadaye utafiti huohuo ulimpatia tuzo ya watafiti vijana.

"Siku ya tuzo nilipiga makofi na wenzangu," anasema Nyuki. "Mikono ilikuwa inapiga, macho yako chini."

Fomu ya ufadhili ilijazwa nyumbani, mezani, kwa mwandiko wa binti yake mkubwa aliye sekondari. Walipofika swali la tisa, Nyuki akasimulia. Binti akaweka kalamu chini.

"Mama, hilo usiandike."

"Wameuliza kosa."

"Andika ulivunja chungu. Kila mtu amevunja chungu."

"Chungu nimevunja vitatu, mwanangu. Hakuna hata kimoja kilichoninyima raha."

"Watakunyima nafasi! Na Daktari je? Si lazima asaini?"

"Ndiyo maana naandika. Nikisubiri nipate ujasiri, nitakufa nao uko njiani."

Binti aliandika. Anasema alikuwa akiandika huku anamtazama mama yake kama mgeni. "Nilikuwa namjua mama anayenifokea nikitia chumvi kwenye maelezo," anasema. "Yule wa siku ile alikuwa anajifokea mwenyewe."

Asubuhi Nyuki alibisha hodi kwenye ofisi ya Daktari. Wote wawili wanayakumbuka maneno yale kwa namna moja.

"Daktari, yale maua thelathini na nane hayakudondoka."

"Maua gani?"

"Ya Bibi Harusi. Niliyadondosha."

Daktari alivua miwani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua fomu, akatoka nayo. Kwa siku mbili hakukanyaga bandani.

"Nilidhani wamegombana kama mke na mume," anasema mwagiliaji. "Nikimuuliza Nyuki, anainamia ua. Nikimsalimia Daktari, ananijibu salamu ya jana."

Daktari hafichi. "Nilikasirika," anasema. "Lile jedwali ndilo lililonipa tuzo. Nikajiuliza, kama neno moja ni la uongo, mengine je?"

Ndipo akaingia kwenye ghala la mbegu akiwa na madaftari yote ya Nyuki, tangu aliposhika kibano. Ndani yake kumeandikwa maua zaidi ya elfu tisini. Akafumba macho akachomoa mifuko mia tatu kwenye rafu, akaifungua mmoja mmoja na kulinganisha.

"Palipoandikwa mbegu nne, nilikuta nne. Palipoandikwa 'mbili, moja ina tobo', nilikuta mbili, na moja ina tobo. Mifuko mia tatu." Anafuta miwani. "Nilikaa sakafuni. Elfu tisini, kwa mkono, na uongo ni mmoja. Mimi mwenyewe kazi yangu ikifunguliwa hivyo, sijui kama ningetoka salama."

Siku ya tatu aliingia bandani na bahasha mbili za mbegu, akaziweka juu ya ndoo ya Nyuki.

"Panda, dada," alimwambia. "Mkaidi atangulie wiki mbili."

Fomu ilikuwa ndani ya mfuko wa shati lake. Ilikuwa imesainiwa. Siku hiyohiyo aliliandikia jarida lililochapisha jedwali lake kwamba jedwali hilo lina kosa, na akakiandikia chama kwamba yuko tayari kuirudisha tuzo. Chama kilijibu kwamba tuzo abaki nayo, jedwali alirekebishe.

Maharage yalichanua wiki ileile waamuzi wa ufadhili walipokuja kituoni. Walikuwa watatu, wakiongozwa na profesa, mama mtu mzima mwenye fimbo na maswali mafupi. Alitaka kumwona Nyuki akifanya kazi. Nyuki akakaa kwenye ndoo yake na kumwoanisha Mkaidi na Bibi Harusi mbele yao.

Mwamuzi mmoja alikuwa ameshika saa, na alipoulizwa baadaye sekunde ngapi, alisema alisahau kuangalia.

Profesa akaomba kibano. "Miaka thelathini nimefundisha jambo hili ubaoni," alisema, akainama. Ua likakatika shingo. Akajaribu la pili, likakatika.

"Mama, umelishika kama linataka kukimbia," Nyuki alimwambia. "Lishike kama limelala."

La tatu lilibaki zima. Profesa alilitazama muda mrefu, akasema polepole, "Kumbe!" Kisha akaitoa fomu.

"Swali la tisa nililitunga mimi," alisema. "Unajua watu wanajibu nini? 'Kosa langu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi.' Kurasa na kurasa. Wewe umeandika hili. Hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Mpaka sasa naogopa."

Profesa alimrudishia kibano. Waliandika, wakaaga, wakaondoka. Hiyo ni wiki nane zilizopita.

Katika wiki hizo nane maua yalifanya kazi yake. Kati ya hamsini na mawili yaliyofungwa uzi, kumi na saba yalishika na kuwa maganda. Yamekauka, yamepukuchuliwa. Mbegu hamsini na nne zimo kwenye bahasha ya kaki mezani kwa Daktari, na ukizimwaga kiganjani utaona mbegu nyekundu tu, kama za Bibi Harusi mtupu. Ganda la mbegu hufuata mama. Baba yao yumo ndani, haonekani, mpaka zioteshwe.

"Miaka minne tulisema haiwezekani," anasema Daktari. Anazihesabu tena, ingawa idadi anaijua.

Barua inafika Alhamisi, saa tatu asubuhi. Karani wa kituo anaileta mwenyewe bandani, anakimbia, viatu vya ofisini vinazama kwenye tope la njia. Mwagiliaji anafunga bomba. Nyuki anaweka kibano mfukoni, anapangusa mikono kwenye kanga aliyojifunga, na hataki kusomewa. Anasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza.

Anafika mwisho. Anarudi juu, anasoma tena.

"Sema basi, umetuua!" mwagiliaji anapiga kelele.

"Wamenichukua," anasema Nyuki.

Karani anapiga kigelegele. Mwagiliaji anatupa kofia juu inanasa kwenye nailoni. Nyuki amekaa kwenye ndoo, machozi yanashuka bila sauti, na hayafuti. Halafu anauliza, "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na dakika kumi."

"Yamebaki kumi na nane," anasema, na anatoa kibano mfukoni.

Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Watoto watakaa na mdogo wake, yuleyule wa harusi, ambaye anasema deni la kucheza dansi sasa limelipwa. Posho itatosha ada ya wote wawili bila mmoja kumsubiri mwenzake. Na Nyuki ana mpango wa kurudi, cheti mkononi, kuomba kazi ya kudumu katika banda hilihili, kwa sababu mbegu hamsini na nne zitakuwa zimezaa, na watoto wa Mkaidi watahitaji kujaribiwa kwenye udongo uliolowa.

Kwa mwaka huo mmoja ndoo itakaliwa na mwagiliaji. Tangu barua ifike Nyuki amemfundisha wiki tatu, na mpaka leo mwanafunzi huyo amekata shingo za maua mia moja na sita. Idadi hiyo ameiandika mwenyewe.

"Vidole vitazoea," anasema Nyuki. "Mimi nilianza kumfundisha daftari. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajagusa ua, nilimwandikisha mstari mmoja mara kumi, kama mtoto wa shule: Leo nimechelewa."

"Na nilikuwa nimewahi!" mwagiliaji analalamika.

"Najua," anasema Nyuki. "Ndiyo siku nzuri ya kujifunza."