Kipande Kilichoombewa Safari

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, enzi za Mwingereza, huku kwenye miteremko ya Meru. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshapata kipaimara, na nilikuwa nachuma matawi ya juu tu. Ya chini nilimwachia bibi yangu. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniambia nichuchumae. Sikuweza. Akapandisha gauni langu, akaona uvimbe mgumu juu ya goti. Nilikuwa nimeuficha kwa muda mrefu, kwa kuwa haukuniuma sana, na kwa kuwa niliona aibu.

Bibi hakunigombeza. Alimwita baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, na kesho yake tukapanda lori la kahawa sisi watatu kwenda hospitali mjini.

Daktari alikuwa Mwingereza mpole mwenye Kiswahili cha kuokoteza, kwa hiyo tabibu mmoja wa kwetu alitufasiria kwa Kimeru. Waliupiga mguu picha, lakini daktari akasema picha haitoshi. Kuna uvimbe usio na ubaya, ambao hukwanguliwa na mfupa ukapona. Na kuna ule mbaya, ambao usipoondolewa pamoja na mguu wenyewe hupanda mpaka kifuani na kumwua mtu. Ili kujua wangu ni upi, angekata kipande kidogo, akitie kwenye chupa ya dawa, kipelekwe maabara Dar es Salaam. Huko wangekikata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu na kukitazama kwa hadubini.

Sasa, mwanangu, kwetu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi ovyo. Kitovu changu kilizikwa chini ya mgomba ulio nyuma ya nyumba. Basi nilipozinduka kutoka nusu kaputi nilimkuta bibi ameketi kando ya kitanda, ameipakata ile chupa, na haitoi. Alikusudia kurudi nayo nyumbani akazike kilichomo.

"Siku ya mwisho huyu atafufukia wapi?" alimwuliza baba. "Hapa Meru au Dar es Salaam?"

"Mama, Mungu aliyemwumba hatashindwa na kipande kidogo namna hii."

"Sijasema atashindwa. Nasema kwa nini tumzungushe."

Tabibu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Akavuta kigoda, akamweleza bibi kwa adabu kwamba bila kipande kile daktari atabaki kubahatisha. Huenda akakata mguu mzima bure, huenda akauacha mguu wenye mauti. Akasema wale wa maabara wanautambua uvimbe mbaya kwa sababu watu wengine waliokwisha kuugua walikubali vipande vyao vitazamwe, na bado vimehifadhiwa kwenye vioo ili vilinganishwe.

Bibi aliuliza watu hao ni wa kina nani. Tabibu akasema hawajui, ni watu wa kila kabila.

"Basi wamemtangulia mtoto huyu," bibi akasema, "na hata hatuwezi kwenda kuwashukuru."

Akaweka mkono juu ya chupa, akaiombea kama anavyoombewa msafiri: ifike salama, Bwana awafumbue macho watakaoitazama, na irudi na neno. Daktari alisimama mlangoni akingoja mpaka amina.

Tulilala Kaloleni, mtaa wa hukohuko mjini, kwenye chumba alichopanga kaka yangu. Alinitania usiku kucha. "Wewe hata Moshi hujafika," aliniambia, "na nyama yako inakwenda kuiona bahari." Nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho kucheka kwa siku nyingi.

Maana kungoja kulikuwa kugumu. Kidonda kilifunga, nikaanza kutembea, na jirani zetu wakaniambia nimeshapona. Walitaka nikandwe kwa majani ya moto ili uvimbe uyeyuke. Bibi aliwafukuza wote. Lakini siku ya kwenda kusikia majibu ilipofika, nilijifungia ndani nikasema siendi. Niliona ni afadhali nisijue.

Bibi alisema nami kupitia mlangoni, bila kupaza sauti.

"Tumekiombea kiende na kirudi na neno. Kirudi kikukose? Neno hilo liko, usikie usisikie. Leo huenda linataka mguu. Ukilichelewesha, litataka zaidi ya mguu."

Nilifungua.

Uvimbe ulikuwa mbaya. Daktari alisema picha ya kifua haionyeshi kwamba umepanda, na kwamba tusikawie. Nililia, na baba pia alilia. Bibi aliuliza jambo moja tu, kama tutapewa mguu wetu. Daktari akakubali, naye akaomba kile kipande kibaki Dar es Salaam madaktari wengine wajifunzie. Bibi akasema kibaki, kimeshaombewa.

Nilikuwa bado kitandani hospitalini walipouzika mguu. Kaka alinisimulia kwamba bibi alichagua mahali karibu na mgomba wa kitovu changu, na wakaimba wimbo mmoja wa kanisa, mfupi, kwa sababu, alisema bibi, mwenyewe bado yu hai. Bibi alipofariki miaka mingi baadaye, alilazwa upande uleule, kama alivyoomba. Nilisimama kaburini kwa magongo yangu, mtoto wangu wa mwisho akinishika kanga.

Mwanangu, ukiona kitu kinakua mwilini mwako, usingoje kikuume ndipo ukionyeshe. Usikubali kikandwe wala kutumbuliwa kabla hakijajulikana. Wakitaka kipande wakitazame, wape, maana nami niliponea vipande vya watu nisiowajua. Na ukishapimwa, rudi ukasikie majibu. Wengi hujikaza kwenda mara ya kwanza, wakashindwa kurudi, na hapo ndipo wanapopotea. Kama unaogopa, sali, kisha nenda na woga wako hivyohivyo.

Mungu akupe mwili mzima na siku nyingi za kumtumikia. Na shambani mwako asikose kuwepo mtu wa kukuangalia kwa makini, akakuambia uchuchumae.