Mgongo Wangu Sokoni Mwaka wa Korona

Ephraimu, wewe ni mwinjilisti, kazi yako ni kuhubiri. Sijui nani alikutuma uwasumbue wajane wa usharika waandike habari za korona. Mimi kusoma nilisomea ngumbaru, jioni, nikitoka shamba na jembe begani. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe. Na usinitaje kanisani kama mfano wa ukaidi, maana nitasimama nikujibu.

Unajua nakaa Kwa Mrombo, nyuma ya soko. Mboga nimenunua miaka yote kwa Salha, yule Mrangi anayelala Kaloleni. Jua halijatoka vizuri mimi nipo mbele ya meza yake, mteja wa kwanza. Salha anaamini mkono wangu ni mwepesi, kwamba nikifungua mimi nyanya zake zinaisha kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo ananipunguzia, na nyongeza juu. Mimi ni Mlutheri, habari za mikono myepesi sizijui, lakini nyongeza sikatai.

Basi korona ikaingia, wageni wa hoteli wakaacha kuja, hoteli zikafungwa. Aika, binti yangu, aliyekuwa akifua mashuka hotelini, akarudi kwangu na watoto wake. Nyumba ikajaa midomo na mfuko ukawa mwembamba. Nikasema sasa hapa ndipo penye kazi yangu, kushusha bei sokoni. Aika akasema hapana, redio imewataka wazee wakae ndani, sokoni ataenda yeye.

Akaenda. Binti yangu ni mpole, akitajiwa bei anatoa. Alikuwa anarudi na nyanya ambazo za juu zinacheka na za chini zinalia. Tukala ugali na mchicha wa kugawana majani, watoto wanakwangua sufuria hata ukoko hauonekani. Nikamwambia wanamwibia mchana kweupe. Akanijibu bila kuinua sauti.

“Mama, nyanya mbovu nitatupa, nitanunua nyingine. Wewe nikununue wapi?”

Nikaenda kuchambua mchicha. Si kwamba alinishinda.

Jumamosi nikaamka kabla yake. Nikafunga barakoa niliyoshona kwa kipande cha kitenge, nikatokea mlango wa jikoni. Pale soko linapoanza nikanawa kwenye ndoo kama watu wengine. Mbele ya meza ya Salha walikuwa wamechora mstari wa chokaa, mteja asivuke, na nyanya huruhusiwi kuibonyeza. Nikauliza bei. Akanitajia bei ya mpita njia. Nikamwangalia kwa ule uso ninaomwangaliaga siku zote, mdomo nimeubetua, pua nimeikunja. Uso huo peke yake ulikuwa unashusha bei. Salha hakushtuka hata kidogo. Uso wenyewe ulikuwa ndani ya kitenge.

Kujitaja sikutaka. Mtu niliyemfungulia biashara tangu hajaolewa, anijue mwenyewe. Nikasema nyanya hizo ni za watoto kuchezea, nikageuka nikaondoka. Si unajua tunavyonunua huku: unaondoka polepole, mguu mzito, sikio umeliacha nyuma, mpaka muuzaji akuite.

Sijafika kwa wauza dagaa, akaniita.

“Mama Aika, rudi. Huo mgongo naujua, umenitia hasara miaka mingi.”

Wauza dagaa wakacheka. Nikarudi taratibu, nisionekane nimefurahi. Akanitolea gunia chini ya meza: karoti, maharage mabichi yale membamba, na koliflawa, vitu ambavyo wakulima wa Tengeru walikuwa wakiwalimia wenye hoteli. Hoteli hazichukui tena, na watu wetu hawavijui, kwa hiyo bei ilikuwa ya kutupa. Nikaishusha tena.

Akanifungia mzigo, halafu akaniambia nisirudi. Mama yake mzee kule Kondoa, yeye Salha amemkataza hata kwenda msibani, sasa mimi ataniachaje nije sokoni? Nikamuuliza, basi nani atakufungulia? Akaanza kupanga upya nyanya zake.

Kesho yake asubuhi nikasikia kengele ya guta, ile baiskeli ya mizigo, getini. Ni Salha, amepitia kwangu na mzigo wake akielekea sokoni. Anaweka kikapu chini, anarudi nyuma mpaka barabarani, mimi nachagua, naacha hela humo humo. Aika alisimama mlangoni amekunja mikono. Mchana akaunga koliflawa kwa karanga, na watoto wakaomba tena.

Tulishiba, sikatai. Lakini getini pangu nikigeuka naenda wapi? Jikoni kwangu. Salha anajua nitatoka tena, anakaa juu ya guta ananisubiri. Bei haishuki.

Sasa korona imepita, barakoa nafutia meza, na wale wawili, Aika na Salha, wamezoea mimi kununulia getini. Nikitaja soko, Aika anataja magoti yangu. Maneno uliyoyataka, Ephraimu, ndiyo hayo. Jumamosi alfajiri uje na pikipiki yako unichukue, Aika hawezi kumkatalia mwinjilisti. Na tukifika, Salha akitaja bei, wewe usifungue mdomo.