Mama Shabaha Aweka Bunduki Chini

Katika chumba cha nyuma cha klabu ya kulenga shabaha, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba anamwelekeza mteja mpya namna ya kusimama. "Tanua miguu kidogo. Legeza mabega, hakuna anayekudai hapa," anamwambia, na mteja anacheka. Bunduki aliyoishika mteja ni ya mbao. Zile za kweli zinalia upande wa pili, nyuma ya kuta nene.

Wenzake humwita Mama Shabaha. Kwa miaka sita amewafundisha watu wanaokuja kujiburudisha mwisho wa wiki, na tumbo lilipoanza kuonekana hakuacha. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, hivyo hii aliamua kuilinda kwa akili yake yote. Alitafuta vifunika masikio vya ziada, akavifunga tumboni kwa mtandio.

Vijana wa kazini walimtania mpaka machozi yakawatoka. Aliwajibu kwamba mtoto naye ana masikio, akaendelea kufyatua. Wazo lilijaa upendo, lilipungukiwa ujuzi tu.

Aliyemshtua ni mkunga mstaafu, mteja wa kila Jumamosi. Alipoliona lile furushi tumboni, aliweka bunduki yake chini na kumvuta pembeni. Alimweleza kwamba mlio mkubwa hupenya mwilini ukamfikia mtoto, na vile vifunika havimsaidii kitu. Kisha kuna vumbi la madini ya risasi linaloruka kila bunduki inapolia. Mama akilivuta huingia kwenye damu yake, na kutoka hapo humfikia mtoto. Naye Mama Shabaha kila jioni alikuwa akifagia maganda ya risasi kwa ufagio mkavu, akilitimua vumbi hilo.

"Mwanangu, hakuna wa kukulaumu," mkunga alimwambia. "Lakini kuanzia leo, mle ndani si kwako."

Alipimwa damu. Kiasi cha madini kilikuwa juu kidogo, akaambiwa akikaa mbali kitashuka. Kimeshuka.

Bosi, anayejulikana kwa mkono wa birika, alimpa chumba hiki kwa mshahara uleule na kuagiza sakafu ya kule ipigwe deki kwa maji. Mumewe, fundi seremala, alichonga ile bunduki ya mbao.

"Namshukuru Mungu, halafu yule mama mkunga," anasema. "Angeweza kucheka kama wengine, akaendelea na Jumamosi yake. Nitamshukuru mpaka nizeeke."

Hatarudi kwenye bunduki ya kweli mpaka mtoto aache kunyonya, kwa sababu madini hayo hupita hata kwenye maziwa. Wateja wote wajawazito sasa wanaletwa kwake kwanza, awaeleze.

Je, hana hamu ya kufyatua? Anayo, tena sana.

"Zile shabaha ni karatasi, zitanisubiri," anasema, mkono tumboni. "Huyu nataka akizaliwa nimwite kwa sauti ndogo, ageuke."