Razan Aliyekwenda Chundwa Kuandikisha Watu

Razan Kamaludin, msichana wa Langoni, mjini Lamu, alipata kazi ambayo mamake hakuielewa hata baada ya kuelezwa tena na tena. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa ikiuza taa za sola, na ilitafuta washirika miongoni mwa watu wanaojirekodi video kwenye simu na kufuatwa na wengi. Kila mshirika angepewa kiungo chake akiweke chini ya video zake. Mtazamaji akikibonyeza na kununua taa, mshirika anapata kamisheni. Razan alitakiwa kuwatafuta watu hao visiwani, kuwashawishi na kuwaandikisha.

Mamake, Bi Umi, alimuuliza kama hizo taa ameziona. Razan alijibu kwamba ameziona kwenye picha.

Hata kuajiriwa kwenyewe kulikuwa kwa simu. Meneja wa washirika, kijana aitwaye Ryan, alimhoji kwa sauti tu, akamsifu kwa kuwajua watu wengi, akamwambia mjini kila mtu tayari ana kampuni yake. Yeye anataka wale wa ndani, ambao hakuna aliyewafikia. Mshahara wa kwanza ulipoingia, Razan hakuuliza tena maswali.

Lamu mjini kazi ilikwenda vizuri. Binamu yake Dawud, fundi wa kuchonga milango anayejirekodi akiwa kazini, alikubali kwanza, na rafiki zake wakafuata. Kila mmoja alitoa namba ya simu, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na picha ya uso akiwa amekishika kitambulisho chenyewe chini ya kidevu. Razan alizituma zote Nairobi.

Lakini aliyetakiwa na Ryan kuliko wote alikuwa Hayat wa Chundwa, kisiwani Pate. Katika video zake Hayat haonyeshi uso. Huonekana mikono tu, ikikuna nazi au ikipara samaki, huku sauti yake ikiwasema wake wenza, mawifi na majirani wa kubuni mpaka mtazamaji anacheka peke yake. Wanawake wa Mombasa na hata wa Arabuni humfuata. Razan alimwandikia barua tamu ndefu. Hayat akajibu kwa ufupi kwamba kama ana shida naye, aende akazungumze na babake.

Razan alipanda boti hadi Mtangawanda, kisha bodaboda. Njiani dereva alimuuliza anakwenda kwa nani na kwa shughuli gani. Razan, aliyeionea fahari kazi yake, akamwambia kwamba amekwenda kuandikisha vijana.

Kwa simu ya dereva, neno hilo lilitangulia mbele yake. Katika vijiji vile watu walikuwa wamekwisha kuona vijana wakifuatwa kwa simu na watu wasiojulikana, wakiahidiwa kazi za ng'ambo, na wengine wakatoweka, wazazi wao wakabaki kuhojiwa na polisi. Walikuwa pia wameona wageni wapole wanaouliza majina, kisha baada yao wakaja wengine wasio wapole. Mgeni anayetaka majina na vitambulisho alitoka kwa wanaochukua vijana au kwa serikali, na pande zote mbili zilitisha.

Bwanamkuu, babake Hayat, mkulima wa minazi na simsim, alimpokea vizuri na kumkaribisha chai. Razan hajamaliza kikombe, wanaume wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakatoa salamu na kukaa bila kujitambulisha. Hakuna aliyeuliza habari za taa. Walimuuliza babake ni nani, mamake ametoka mtaa gani, na nani Chundwa anaweza kusema anamjua. Harith, katibu wa kamati ya kijiji, akamwomba kwa adabu simu yake aiweke juu ya mkeka mbele ya wote. Aliiweka. Hapo ndipo aliposikia pikipiki iliyokuwa ikimsubiri nje ikiondoka.

Alijitahidi kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Kampuni inalipa kwa simu. Inataka picha ya kitambulisho. Inataka msichana ambaye hajawahi kuonyesha uso apigwe picha ya uso. Yote yalikuwa kweli, na kila moja lilitoka kinywani mwake kama mtu anayekiri kosa.

Bwanamkuu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo Ryan umemuona kwa mato yako?"

"Sijamuona, Bwana."

"Na ofisi yake?"

"Sijafika."

"Basi mwanangu, wewe umetumwa na nani?"

Mpaka dakika ile Razan alikuwa ameudhika kwa kudhaniwa mtu mbaya. Sasa alikumbuka nyuso za Dawud na wenzake na vitambulisho vyao, akajiuliza vimekwenda kwa nani.

Akaomba ruhusa ampigie Ryan mbele yao. Aliweka sauti nje, akamtaka afungue video ili wazee wamuone. Ryan alisema mtandao ni mbaya, ingawa sauti yake ilisikika wazi kabisa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Razan, uko na nani hapo?"

Simu ikakatika. Wanaume wakatazamana.

Boti ya siku ile ilikuwa imekwisha kuondoka, kwa hiyo Razan alilala kwao Hayat. Hayat hakumkasirikia. "Mimi nilitaka kukubali," alimwambia. "Ndiyo maana nikakutuma kwa baba. Nilijua nikiamua peke yangu nitaamua vibaya." Asubuhi Bwanamkuu alimsindikiza mwenyewe hadi kwenye pikipiki, na Razan hakujua kama ni heshima au ni kuhakikisha kwamba ameondoka.

Alipofika Lamu alimwandikia Ryan kwamba hatatuma jina jingine mpaka aje mwenyewe na taa mkononi. Siku zikapita bila jibu. Razan akaenda kwa Dawud na kumweleza yote. Dawud aliendelea kuchonga bila kuinua uso, na kwa muda mrefu hakupita tena kwao.

Kisha Ryan akaja. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haya, amebeba mfuko wa taa kifuani kama mtoto. Alikiri kwamba siku ile, aliposikia sauti za wanaume, alidhani Razan ametekwa, au kwamba ni mmoja wa wanaoteka. Alikuwa amewaomba wakubwa wake wamwachishe Razan kazi, nao wakamtuma aje mwenyewe. Razan alipompeleka Pate, safari nzima Ryan aliitazama simu yake, na nyumbani kwa Bwanamkuu alichagua kukaa karibu na mlango.

Bwanamkuu alimuuliza picha za vitambulisho ni za nini. Ryan alisema ni za malipo. Hayat, akiwa chumba cha ndani, akasema kwa sauti ileile inayojulikana na maelfu, "Kunilipa unahitaji namba yangu. Uso wangu unautakia nini?"

Ryan aliinamisha kichwa. "Sijui, dada. Mfumo ndio unauliza. Sijawahi kuuliza kwa nini."

Lilikuwa jibu la kwanza ambalo Harith alionekana kuliamini. Kampuni ilikubali hatimaye kumwandikisha Hayat kwa jina na namba tu, baada ya Bwanamkuu kuitundika taa barazani na kuridhika nayo. Taa zikanunuliwa sana, hasa na wavuvi wa Ndau na Kiunga. Kuhusu picha za akina Dawud, Ryan alisema zimefutwa. Razan alimuuliza ni nani aliyeziona kabla ya kufutwa. Ryan akasema hilo pia halijui.

Baadaye Ryan aliacha kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanamke mwenye sauti ya uchangamfu, anayetaka majina mapya kila wiki. Razan alimjibu kwamba angependa waonane kwanza. Yule mwanamke alicheka, akaona ni jambo la ajabu kwa kazi ya mtandaoni, akaahidi kuja msimu wa likizo. Hajaja, na Razan hajamtumia jina hata moja.